Unene wa Shalom

Mwaka ule mvua ilinyesha wiki mbili tu, na mahindi yakakauka kabla hayajafika magotini. Katika kijiji chetu kando ya ziwa Tshangalele watoto wote walikonda, isipokuwa Shalom, mtoto wa Godefroid. Mashavu yake yalijaa, miguu ikanenepa. Kila Godefroid aliporudi kutoka kuchimba mawe ya shaba upande wa Likasi, alimbeba na kupita naye nyumba za watu, waone kwamba kwake chakula bado kipo.

Laure ndiye aliyeharibu sifa hiyo. Alikuwa relai, mwanakijiji anayepita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto kwa niaba ya kituo cha afya, kazi isiyo na mshahara. Aliubonyeza mguu wa Shalom kwa kidole gumba, kisha akakiondoa. Shimo likabaki. Akamweleza Sylvie, mama wa mtoto, kwamba yale ni maji, si nyama. Mtoto anayeishi kwa bukari tupu, ugali wa muhogo bila kitoweo, kwa miezi mitatu huweza kuvimba hivyo, na asipotibiwa hufa. Siku hiyohiyo wakampeleka kituoni, akaanza kupewa maziwa ya tiba tu, baba akiwa machimboni.

Siku ya tisa Godefroid alifika kituoni na mkate mkononi. Alimkuta Shalom amebaki mifupa, ngozi ya mapaja ikining'inia.

“Niliacha mutoto munene,” alimwambia Laure, aliyekuwa amekuja kumwangalia mtoto. “Weye hauna hata mumoja, ndiyo unakausha batoto ba benzako?”

Akina mama waliokuwa kwenye foleni waligeuka kumtazama Laure. Najua wengine walifikiri kama Godefroid.

“Miye nilikuwa na babili, papa Godefroid,” Laure alijibu. “Bote balikufa banene. Na miye nilikuwa natembeza ile unene kwa bantu, sawa weye.”

Godefroid akamwamuru Sylvie amfunge mtoto mgongoni, waende nyumbani. Sylvie hakuinuka. Basi akamnyanyua mwenyewe, lakini Laure alikuwa amekwisha simama mlangoni. Alikuwa mwembamba, mwanamume yule angeweza kumsukuma kwa mkono mmoja. Akamwambia kwamba maji yametoka, na huo mwili anaouona ndio mwili wa kweli wa mwanawe, ndio wa kulishwa sasa. Akitaka kumtoa leo, atapita juu yake.

Wakiwa bado wanatazamana, Shalom, ambaye kwa mwezi mzima hakuwa ameomba kitu wala kulia, alinyoosha mkono akaushika mkate wa baba yake. Laure akaunyakua.

“Mukate bado. Maziwa kwanza.”

Mtoto akalia. Alilia kwa hasira, akipiga miguu kwenye kifua cha Godefroid, sauti ikasikika mpaka barabarani. Baba akaketi sakafuni naye mapajani.

“Mumupatie basi ile maziwa,” akasema.

Sylvie akaleta kikombe. Laure hakuondoka mlangoni mpaka kilipoisha.