Sufuria Ndogo ya Wifi

Wifi yangu ana maradhi mawili, presha na kutotulia, na ukiniuliza mimi nitakwambia la pili ndilo lililolilea la kwanza. Tangu niolewe na mdogo wake sijawahi kumwona akila ameketi. Hula wima, sahani juu ya kifuniko cha pipa, jicho moja motoni na jingine getini, na mguu mmoja umeshaanza safari. Wapakiaji wa yadi ya mbao walimbatiza Shangazi Kiguu-na-Njia, naye huitika bila kununa.

Alikuwa akipika humo humo yadini, kwenye banda la mabati lililoegemea ukuta. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko kibarazani nje ya geti, na mume wangu ni mmoja wa wapakiaji. Kwa hiyo nikisema najua ya yadi ile, usiseme nilikuwa napeleleza. Masikio hayana vifungo.

Chakula chake kilikuwa wali na maharage, na siku njema mchuzi wa nyama ambao nyama yenyewe unaisikia kwa harufu. Usimcheke. Mpakiaji hulipwa kwa siku, na akishalipwa anagawa: kodi ya chumba, shule, dawa ya mama yake, halafu tumbo linaokota kilichobaki. Kwa bei anayoiweza huwezi kumpa nyanya na vitunguu vya kutosha. Unampa paketi. Ule unga wa kiungo wa dukani, wenye picha ya kuku aliyenona, ukiunyunyizia kwenye maharage mtu anafumba macho na kumwona kuku. Juu yake chumvi, tena chumvi ya mkono uliokunjuka, kwa sababu mtu aliyeshinda akitoka jasho hataki chakula kilichopooza. Ukipunguza, anavuka barabara kwenda kwa jirani.

Wifi hakuwa akipimia kijiko. Alichota mchuzi kwa mwiko, akaudondoshea kiganjani, akalamba, akatikisa kichwa, akaongeza chumvi, akalamba tena. Hivyo toka alfajiri mpaka saa sita mchana, sufuria baada ya sufuria. Basi siku alipopata kizunguzungu pale bombani, ndoo ikaenda huku na yeye kule, nilifunga cherehani nikampeleka zahanati nikimburura, maana hata njiani alikuwa anataka kurudi kuangalia wali.

Nesi alimpima presha, akatazama kipimo, akapima tena. Akamuuliza anakula nini.

"Mimi? Sili, mwanangu. Napika tu."

"Hebu nionyeshe unavyopika, mama."

Wifi akasimama akamwonyesha kwa mikono mitupu, na aliponyanyua kiganja kulamba, nesi akamshika mkono.

"Hapo ndipo unapokula."

Njiani kurudi hakuutaja wali hata mara moja. Hilo lilinitisha kuliko kipimo chenyewe. Kesho yake asubuhi alikuja kibarazani akasimama mbele ya cherehani, anabadilisha mguu huu na huu.

"Wifi, niazime ulimi."

"Ulimi wangu? Si wewe uliyetangaza ukoo mzima kwamba mdogo wako hakuoa mke, kaoa ulimi?"

"Ndiyo. Leo umepata kazi."

Nikawa mwonjaji. Siku ya kwanza tu nilikunywa maji kutwa nzima kama gari linalochemsha, ndipo nikaelewa tulikuwa tunawalisha nini wale wanaume. Nilimwambia. Alinijibu kwamba anajua, na kwamba akipunguza Jumatatu, Jumanne atakuwa anapikia nzi.

Hapo ndipo alipoanza sufuria ndogo. Ilikuwa yake mwenyewe kwanza: chumvi ya kubana kwa vidole viwili, paketi hakuna, badala yake nyanya, vitunguu, kitunguu saumu na ndimu. Ilimgharimu kuliko ile kubwa. Nilipoionja niliona wivu, na mimi nina jina kwa kupika. Akajaribu kuiuza kwa bei ile ile, akaitangaza kwa sauti: "Hii hapa ya afya, chumvi kidogo!"

Wakaangua kicheko. Winchi, jitu moja la kubeba mbao nne begani ambapo wenzake hubeba mbili, akasema, "Hiyo ya wagonjwa, Shangazi. Sisi wazima." Na wote, kama waliovutwa kwa kamba moja, wakatupa jicho ofisini kwa nyapara.

Mwaka uliopita mpakiaji mmoja alidondoka kutoka juu ya lori na ubao begani, hakuamka. Ikasemekana ni presha. Mwenye yadi hakununua ngazi nzuri wala hakupunguza mzigo, alitoa amri. Mwenye presha habebi, na asiyebeba halipwi. Tangu siku ile yadi nzima haikuwa na mgonjwa hata mmoja.

Siku mbili hazikupita, Winchi akaja kibarazani na suruali isiyo na tundu.

"Shemeji, mwambie Shangazi anipakulie ile ndogo. Ila juu aweke mchuzi wa kubwa kidogo, rangi zifanane."

Nilimtazama lile jitu. Alikuwa anatazama chini kama mtoto aliyevunja kikombe. Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Wifi alikuwa akipakua kwa kuipa ofisi mgongo, mikono inakwenda mbio, na mimi napitisha sahani. Roho zetu zilikuwa juu kila mchana. Mtu akikohoa ofisini, tunarukia mifuniko.

Kisha siku moja, nyuma ya banda, nikapokea sahani kutoka kwa mkono ninaoujua. Ukucha wa dole gumba ulipondwa na mbao mwaka tuliooana. Niliufunga kitambaa mwenyewe.

"Tangu lini?" nikamuuliza mume wangu.

"Tangu kabla ya mvua."

"Na nyumbani? Ninavyokukolezea mimi?"

"Ulivyokuwa ukiusifia mchuzi wako, mke wangu, ningeanzia wapi?"

Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu, kwa upole ule unaoniudhi, "Na asiyeficha anafukuzwa. Tutawalisha watoto methali?" Nilitaka kumchapa kwa mwiko, nikataka pia kumkumbatia, na foleni ilikuwa ndefu. Nikamjazia sahani. Kumbe dada yake alijua siku zote. Nilimnunia wifi mpaka jioni, naye hakuona, hakutulia kiasi cha kuona.

Nyapara si mjinga. Aliona sufuria ndogo inajaa asubuhi na mchana iko tupu, wala hajaona mtu akiila. Mchana mmoja alikuja na kigoda chake akakiweka kando ya meko, akaketi, akakunja nne.

"Leo nataka nimwone anayekula hii."

Winchi alikuwa wa kwanza, sahani mkononi. Mume wangu alikuwa nyuma yake kidogo, na niliona anahesabu hatua za kurudi nyuma. Angekula ile kubwa siku hiyo, ndiyo, wote wangekula. Lakini nyapara angekaa kesho, na kesho kutwa. Akanigeukia mimi.

"Wewe unayepitisha sahani. Nitajie."

"Mimi ni mshonaji, bosi. Nawajua watu kwa viuno."

Wachache walicheka, kicheko kikafa njiani. Kodi yetu, vitabu vya watoto, kila kitu kilikuwa kimesimama kwenye ile foleni na sahani mkononi.

Wifi akasema, "Ni yangu. Mimi ndiye mwenye presha."

"Sufuria nzima?"

"Nina njaa ya ukoo mzima."

Kabla hajajibiwa, aliinyanyua sufuria ndogo kwa vitambaa viwili, akaimimina yote ndani ya kubwa. Nyanya zake, vitunguu vyake, ndimu yake. Akakoroga mpaka chini.

"Sasa ni moja. Anayekula kwangu anakula hii. Ukitaka kufukuza, fukuza wote, mbao ubebe mwenyewe."

Nyapara alinyanyuka taratibu, akajifuta suruali. Hakupaza sauti.

"Umesema una presha, mama. Amri unaijua. Jioni banda lisiwepo."

Alimshika kwa neno lake mwenyewe. Nilingoja. Wanaume wote wale, mabega yale yote. Walipokea sahani zao wakala, na mmoja akanung'unika kwamba leo chumvi imepungua. Mume wangu alikuwa analia ndani ya sahani. Nilipoanza kuwatolea maneno, wifi alinivuta kanga.

"Waache, wifi. Nimejitaja ili wao wasitajike. Wakisema sasa, nimeumia bure."

Siku hizi yadini anapika mwingine, na paketi zake. Wifi anatembeza chakula kwenye barabara inayojengwa, sufuria kichwani, mbali kiasi cha kuniumiza roho na ile presha yake. Nilimsihi aje asimame hapa getini. Alikataa: atakayetoka nje kumfuata atakuwa amejitangaza. Lakini kila alfajiri hupita kwangu kabla ya safari, ananitupia nyanya na vitunguu mlangoni, ananikagua nisiguse kopo la chumvi, kisha hayupo.

Mume wangu huondoka na kontena la chakula la kutosha watu watano. Akifika mchana hufungua, huonja, hukunja uso mbele ya watu na kusema mke wangu kanikomoa tena leo, jamani nisaidieni kumaliza. Na wapo wanaomsaidia. Kwa hiyo habari zimeenea mpaka mwisho wa barabara kwamba mke wa fulani hajui kupika. Mimi! Wateja wananipa pole wakija kupima magauni.

Jana Winchi ndiye aliyenirudishia kontena. Alisimama katikati ya geti, nyapara mlangoni kwake anatazama, akapiga kelele:

"Shemeji, kupika ulifundishwa na nani? Hata mbwa angekataa!"

Yadi nzima ikavunjika mbavu. Nyapara naye akacheka.

"Kama hakifai, usile!" nikamjibu, kwa sauti ya kufika ofisini.

Nikalipokea kontena. Lilikuwa limekombwa mpaka kwenye pembe.