Kisima cha Mina Hakipandi Bila cha Delbert

Saa moja asubuhi, Mina Sproule, 68, amepiga magoti kwenye matope ya Brigley, Ontario, akipaka grisi viungo vya ufito mrefu wa mbao unaokwenda na kurudi huku ukilia kama kitanda kibovu.

Ufito huo ndio unaovuta pampu ya kisima chake cha mafuta. Ncha ya pili inavuta pampu ya jirani yake, Delbert Quance, 74. Injini ni moja, bandani mpakani. Pampu ya Delbert ikishuka, ya Mina inapanda.

"Babu zetu walizipima pampu hizi uzito zikalingana," anasema Mina. "Ukiondoa moja, injini haiwezi kuinua nyingine. Wazee wa watu hawakujua kwamba wajukuu tutanuniana."

Wamenuniana miaka kumi na moja. Kwenye chakula cha mavuno kanisani, Delbert alionja pai ya Mina na kutangaza mbele ya mchungaji kwamba inanuka mafuta.

Brigley kila kitu kinanuka mafuta, mchungaji akiwemo. Mita mia na kumi chini, ukishapita udongo mzito wa bluu, kuna mwamba wa chokaa uliokuwa matumbawe ya bahari, mamilioni ya miaka kabla ya Quance wa kwanza kumkera mtu. Mwaka 1862 watu waliuvamia mji kwa sururu, zikajengwa hoteli tisa. Leo kuna mgahawa mmoja na visima hivi viwili. Cha Mina hutoa pipa moja kila siku mbili, na ndicho kinachomlisha.

Aprili hii Delbert alibandika karatasi uzioni: Jumamosi anafunga kisima chake. Goti lake limechoka kuinama na kopo la grisi.

"Nililia, sikufichi," anasema Mina. "Halafu nikawasha jiko."

Alikwenda na pai. Delbert akafungua mlango nusu.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kula."

Alikula kipande, akaongeza cha pili. Mina alisimama, mikono kiunoni.

"Bado inanuka mafuta," Delbert akasema.

"Na umemaliza nusu."

"Miaka kumi na moja, mama. Nilikuwa na hamu nayo."

Wakakubaliana: Mina atapaka grisi pande zote mbili, naye Delbert hatafunga kisima maadamu yu hai.

Hapo ndipo Mina alipopata kazi ya pili. Kila asubuhi anabisha hodi kuuliza kama mzee amekunywa dawa. Sigara zake amezificha. Mwezi ujao anakusudia kumpeleka kwa daktari wa magoti, atake asitake.

Je, wamepatana? Mina anafuta mikono kwenye aproni.

"Nani kakwambia? Mimi nataka apumue tu."

"Nakusikia, Mina," sauti inatoka ng'ambo ya uzio.

"Kama unasikia, vaa koti."