Mama Kezia na kibanda cha wasafiri pale steji ya Jericho

Wakuu, niaje. Hii stori sikuhadithiwa. Nilikuwepo, msumeno mkononi.

Miaka ya sabini ikielekea kuisha, nilikuwa fundi wa mbao Jericho, karibu na soko. Steji yetu ilikuwa nguzo tu kando ya barabara. Mvua ikija unalowa, wewe na mizigo yako.

Mama Kezia alikuwa jirani yangu, fundi wa nguo pale sokoni. Siku moja mama mkwe wake alinyeshewa hapo steji akingoja basi la kwenda tauni, katikati ya jiji, akapande huko gari la kwenda kwao Vihiga. Akapata nimonia. Alipona, lakini nusura tumzike.

Mama Kezia akaja workshop.

"Fundi, tujenge kibanda cha wasafiri. Kuchora niachie mimi."

Akapiga magoti, akachora na chaki kwenye sakafu yangu vile huchora kwa kitambaa. Benchi ya chini ya watoto. Ya wazee iwe juu kidogo, maana mzee akikaa chini sana kuinuka ni kazi. Paa litokeze mbele, mizigo isilowe. Ukuta upande ule mvua hutokea.

Mimi wa kuchonga meza na vitanda, sikuwa nimewahi kuwaza magoti ya mtu hivyo!

Majirani wakaleta mbao na mabati, tukajenga.

Mvua kubwa ya kwanza ikanyesha. Tukakimbia kuangalia.

Wakuu, benchi zilikuwa tupu. Watu wamesimama nje, wanalowa!

Kumbe ule ukuta uliziba barabara. Ukikaa ndani huoni basi likija, na dereva hakuoni. Linakupita hivi hivi.

Watu wakaanza kumcheka. Mimi nikakosa pa kuangalia.

Yeye akaingia, akaketi, akachungulia. Akahama benchi, akachungulia tena.

"Fundi, toa mbao hapa, usawa wa macho ya mtu aliyeketi."

"Na mvua je?"

"Tushushe paa upande huu."

Akashika ubao mwenyewe nikikata, maji yanamtiririka usoni. Wale waliocheka wakaja kusaidia.

Tangu siku hiyo, watu waliketi.

Miaka ya themanini Mama Kezia akarudi Vihiga kabisa. Nilimbebea mizigo hadi steji. Mvua, kibanda kimejaa. Msichana asiyemjua akasogea.

"Kuja ukae hapa, mathe. Hapa hakunyeshi."

"Asante, mwanangu. Mna kibanda kizuri."

Nikafungua mdomo nimwambie huyo dada ni nani anayeongea naye. Mama Kezia akanifinya mkono. Nikaweka mizigo chini, naye akaketi.

Nilichojifunza: ukitengenezea watu kitu, nenda ukakitumie mwenyewe. Kikikataa, kata, hata kama ulikichora wewe.

Sasa nyinyi wa Ziwani, Donholm na kwingine: kile kitu mnachotumia mtaani kila siku, nani alikijenga? Andikeni jina lake hapa chini.