Hindi Moja Lililopungua

Sijutii kwamba yule msimamizi alifukuzwa kazi. Ninaliandika hilo kwanza, usije ukanihurumia bure.

Miaka hiyo ya elfu mbili nilikuwa kibarua kwenye shamba la utafiti karibu na Kitale. Tulifunika mahindi kwa mifuko ya karatasi ili chavua ya mstari mmoja isiguse mwingine. Yalikuwa yamebadilishwa jeni. Funza akiyatafuna, anakufa. Nilitamani yafaulu, maana kijijini kwetu Myanga funza walikula kabla yetu. Kila hindi lilihesabiwa, mabaki yakachomwa. Mimi, niliyejifundisha bayolojia kwa vitabu vya mitumba, nilikagua kila mfuko mara tatu.

Siku moja msimamizi alisahau kufunika mstari mzima. Nilimwambia. Wakubwa walipokuja, akaninyooshea kidole mimi.

"Ni huyu, bana. Ati anasoma sana. Daktari wa magunzi!"

Vibarua wenzangu walicheka mpaka wakashika viuno. Jina likanikaa.

Wakati wa kuvuna nilipukuchua hindi moja na kuficha punje zake nyeupe kwenye soksi. Hesabu ikapungua, na aliyetia sahihi alikuwa yeye. Alipotolewa getini na sanduku lake, nilikuwa ng'ambo ya barabara nakunywa chai ya maziwa, taratibu. Sijawahi kunywa chai tamu vile.

Zile punje nilipaswa kuzichoma. Badala yake nilizificha kwenye mkebe jikoni kwa mama, nipate kuzitazama kila niendapo nyumbani.

Mama hatupi mbegu. Mvua ilipokuja, mahindi yake mekundu, mbegu aliyopewa na mama mkwe alipoolewa, yaliota kwa mapengo. Mimi nikiwa Kitale, alifungua mkebe akaziba mapengo kwa zile punje. Nilijua siku ya mavuno, nilipoona meupe katikati ya mekundu.

"Usiogope, meupe nimetoa," alisema, akitundika mekundu juu ya moshi wa jiko. "Haya ni ya mke wa kaka yako. Anakuja kuchukua Jumamosi."

Lakini chavua ilikuwa imeshavuka: ndani ya punje nyekundu, nyeupe inaweza kujificha, wala hakuna jicho litakaloiona. Hiyo mbegu ingeenda boma hadi boma. Nilimwambia yote, mpaka soksi.

Aliyageukia mekundu yaliyoning'inia. "Sasa huyo mtu wako umemfanya nini? Si ni mimi umenipokonya?"

Akateremsha mbegu yote, akaitia motoni kwa mkono wake. Sikuweza kumsaidia. Alinikataza kugusa hata punje moja.

Tangu hapo kila msimu mbegu ya mama inatoka dukani, Bungoma mjini, na ni mimi ninayetumwa. Nyuma ya kaunta amesimama yule msimamizi, sasa muuza mbegu.

"Karibu, daktari wa magunzi. Mama anataka gani leo?"

Napokea pakiti. Nakagua mshono wake mara tatu. Kisha namuuliza, kwa sauti ya kusikika na wateja wote, kama hii ameihesabu mwenyewe.