Mtoto Asiyetoa Mkono

Siku ya kwanza kazini nilijiona mjuzi. Kazi ilikuwa tiba ya usemi, yaani kuwasaidia watoto waliochelewa kusema, katika kliniki moja hapa kisiwani, upande wa Tudor. Mkuu wa Kitengo, mwanamke asiyependa porojo, aliniambia, "Ukishasema ni Down, usidhani umemaliza. Tazama tena." Nikamwona mgumu bure.

Watoto wa Down, wanaozaliwa na kromosomu moja ya ziada, wengi ni wachangamfu. Ukipiga makofi, nao watapiga. Rukia, wa miaka mitano, hakuwa hivyo. Nikimwita haitiki, nikimwonyesha kitu kwa kidole haangalii, kutwa anasugua pindo la leso aliyojifunga mamake. Masikio yalipimwa, yakawa mazima.

Nyanya yake, mwenye duka la leso Biashara Street, alikuwa na jawabu lake.

"Watoto wa Down nimewaona mtaani, wana adabu zao. Huyu hata mkono hanipi. Samaki mkunje angali mbichi, mamake hakumfunda. Idi hii atakaa chumbani, wageni wasinicheke."

Mama mtu akainamisha kichwa. Moyo uliniuma, nikamwita Mkuu.

Baada ya majuma kadhaa ya kumpima, Mkuu aliwaketisha mama na nyanya. "Bibi, mtoto ana Down, na ana usonji pia, yaani autism. Yote mawili hukaa kwa mtoto mmoja. Kwa usonji, kutazamana na watu na kushikwa mkono ni mambo mazito kwake. Si kiburi, na mamake hana kosa."

Nyanya akauliza, "Basi atanisalimu vipi?"

Swali hilo likawa kazi yangu. Tulianza na kile akipendacho: nyanya aketi karibu, anyoshe pindo la leso yake, angoje, asimguse. Mwanzoni alingoja huku amenuna. Siku Rukia alipolishika pindo lile, bibi yule hodari wa maneno alitokwa na machozi, akasema, "Marahaba." Idi ile mtoto hakufungiwa.

Sasa nimestaafu. Vijana wana vipimo ambavyo sisi hatukuwa navyo, nami nawaonea wivu kidogo. Juzi nilikwenda kununua leso dukani kwa yule bibi, mkongwe sasa. Rukia, naye mwanamke mzima, alikuwa ameketi kando ya majora. Mteja mmoja akanung'unika, "Mbona huyu hasalimu watu?"

Bibi hakuinua hata macho kutoka kwenye leso aliyokuwa akikunja.

"Nyosha pindo lako," akamwambia, "ungoje."