Jina la Baba Nililoficha

Karani wa nasari alisoma jina langu la mwisho, akajaza kabila la binti yangu bila kuniuliza. Niligonga meza.

"Futa! Andika Mkenya."

Alicheka. "Mama, Wakenya ni sisi wote. Nyinyi ni watu wa wapi?"

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni mtaani kwetu Kimumu, siku za vita vya kikabila, harufu ya magunzi yakiungua jikoni, mashine ya kusaga ikinguruma ng'ambo ya barabara. Mama alinitwika mahindi akanionya, "Ukiulizwa jina, sema Grace. Usiongeze." Nilidhani jina la Baba linatunzwa kama viatu vya Jumapili, lisichafuke. Mwenye mashine aliponiuliza, "Grace wa nani?" nilinyamaza kwa maringo, kama mtoto aliye na kitu kizuri nyumbani. Sasa najua Mama alikuwa anaogopa majirani tuliokuwa tukiombana chumvi, wasijue kabila letu kwa jina la Baba.

Siku hiyo hiyo niliandika barua kwa mwalimu mkuu: "Nalalamika kwamba mtoto wangu wa miaka minne ameandikwa kabila bila mzazi kuulizwa. Naomba lifutwe." Aliisoma, akaigonga muhuri, akampa karani yuleyule aiweke kwenye faili.