Mkalimani wa jumuiya yetu

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba leo jumuiya yetu hapa Mjimwema imepata mkalimani, na si mimi.

Ni Festo. Yule fundi pikipiki.

Wiki nzima nimejifunza Kiingereza kwenye simu kwa ajili ya huyu padre mgeni aliyekuja kusali nasi leo. Anaingia tu, Festo kamdaka mlangoni: "Father, come in in! Sit down down!" Mikono inapunga kama anaelekeza lori lirudi nyuma.

Padre akacheka, akakaa.

Tekla, ambaye kila Jumamosi kwenye jumuiya mimi ndiye humwekea kiti, akacheka pia. "Kumbe kaka Festo unakijua hivi!"

Jamani, nikashindwa kuvumilia. Nikasimama: "Down ni moja tu, inatosha."

Mama mwenyekiti akanigeukia. "We mwanangu, tumekuja kusali au kusahihishana?"

Festo akakalishwa pembeni ya mgeni. Chakula kilipokuja baada ya sala, akapewa na paja la kuku. Mimi natafuna muhogo huku namwona Tekla akimmiminia togwa.

Semeni ukweli, ninyi mngenyamaza?

Mwishoni ndipo katekista akatuambia: padre anatoka Msumbiji. Anaongea Kireno. Kiingereza hajui.